Nani ampe mzee dawa: muuguzi au mhudumu?

Makao yenye wazee 30 na muuguzi mmoja zamu ya asubuhi yana hesabu isiyokwepeka. Kumtambua mzee, kusoma chati, kutoa kidonge, kusubiri kimezwe na kusaini huchukua kama dakika 4. Kwa wazee 30 ni saa mbili kamili. Dawa ya saa 2 asubuhi humfikia wa mwisho saa 4.

Wanaotaka mhudumu asaidie wana hoja nyingine, na kwa huku Mwanza naiona nzito zaidi: lugha. Bibi wa Magu aliyezoea Kisukuma humweleza mhudumu anayemwogesha kwamba kichwa kinamzunguka. Muuguzi mgeni wa mkoa ataambiwa hajambo.

Wanaopinga nao wana sababu. Glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, husukuma kongosho kutoa insulini, mzee ale asile. Kuni zikilowa, uji ukachelewa, sukari hushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Mzee anatoka jasho, anachanganyikiwa, na watu wanasema ni uzee tu. Insulini yenyewe ina uniti 100 kwa mililita, hivyo uniti 10 ni mililita 0.1. Mwenye sirinji ya kawaida akivuta mililita 1, amempa mara kumi. Na leseni iliyo hatarini ni ya muuguzi.

Kwangu, hatari kubwa ni kukabidhi nusu nusu. Muuguzi anatoa vidonge mapema kwenye vikombe, mhudumu anavipeleka, muuguzi anasaini jioni. Babu Masanja wakiwa wawili, vikombe vinabadilishana na hakuna atakayejua. Anayetoa kidonge kwenye pakiti ndiye ampe mzee, ndiye asaini papo hapo.

Kwa hiyo mhudumu aliyefundishwa na kupimwa akabidhiwe kazi nzima ya vidonge vya kila siku, kama amlodipini ya presha, kwa mzee aliyetulia. Insulini, dozi ya kwanza ya dawa mpya na dawa za "ikihitajika" zibaki kwa muuguzi. Vidonge vya kisukari navyo, mpaka sahani iwe mbele ya mzee.

Mzee akikataa, mhudumu aandike kakataa, na saa, kisha amwite muuguzi. Asisage kidonge akakificha kwenye uji: nifedipini, dawa ya presha, ile ya kutoka taratibu, ikisagwa huingia mwilini yote kwa mpigo, na presha inaporomoka.