Mzee alipiga makofi kabla hajaiona boneti

Mliotoka kwenye stetasi ya Mtani, karibuni, vuteni viti. Ile sauti mliyosambaziwa, ya mimi, bunduki yangu na boneti ya gari la baba mkwe, ni ya kwake, kicheko cha nyuma ni cha shemeji yangu, na huyo anayesema "jamani, jamani" ni mimi. Mengine mengi humo ni chumvi. Mtani ni Mhehe na mimi ni Mgogo, kwa hiyo kunitukana ni haki yake ya ukoo. Ila kapotosha habari za bunduki, na hapo siwezi kunyamaza.

Tuanze na kifaa. Kibali kipo, polisi wanaijua, msinianze. Ni bunduki ya upepo, kipenyo milimita 5.5, aina wanayoiita bulpapu. Yaani mitambo yote pamoja na magazini, kile kikasha cha risasi, imerudishwa nyuma ya triga, ndani ya kitako, pale ambapo bunduki ya kawaida ina ubao mtupu. Kwa mpango huo unapata mtutu wa karibu nusu mita ndani ya bunduki yenye urefu wa sentimita 75 hivi. Ya kawaida yenye mtutu kama huo inakaribia mita nzima. Mtani alipoiona mara ya kwanza aliuliza ile nusu nyingine inakuja na basi gani.

Ukiishika unaona tofauti papo hapo. Uzito wote umelalia begani, mbele kwepesi, unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja ukaelekeza bila kutetemeka sana. Ubaya wake nao uko wazi. Triga iko mbele, nyundo inayofungulia upepo iko nyuma, kwa hiyo kati yao kuna fimbo ndefu inayosukuma, na kwenye bulpapu za bei rahisi fimbo hiyo inafanya triga iwe nzito na isiyojulikana itafyatua saa ngapi. Yangu haina shida hiyo. Chemba nayo, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, iko chini ya shavu lako kabisa, hivyo mlio wa nyundo unaingia sikioni mzima mzima hata kama mdomoni umefunga sailensa. Na anayetumia mkono wa kushoto ahakikishe kabla ya kulipa kwamba leva ya kuingizia risasi inahamishika, la sivyo atakuwa anaivuta kwa kuipitisha puani.

Jambo jingine la bulpapu, na hili lishikeni: darubini inakaa juu sana. Kwa kuwa kitako kimenyooka sambamba na mtutu, darubini lazima ipandishwe ndipo jicho liifikie. Yangu iko sentimita 6 na nusu juu ya katikati ya mtutu. Jicho linapita ghorofani, peleti, yaani kirisasi chake, inapita chini. Zinakutana mita 30, ndiko nilikoisawazisha. Karibu zaidi ya hapo peleti iko chini ya unapolenga: mita 10 iko chini kwa kama sentimita 3, mita 5 kama 4 na nusu. Kwenye kijitundu cha mtutu chenyewe, ni zote 6 na nusu.

Haya, twende Mpunguzi.

Baba mkwe ana shamba la zabibu huko, barabara ya Iringa, na mavuno yalikuwa yamekwisha. Nilisema naenda kusalimia. Bunduki nikaibeba kwa sababu kule kuna kichuguu kikubwa chenye udongo laini, na nyuma yake ni pori tupu lisilo na nyumba wala njia. Kwa kulengea shabaha, kichuguu ni mali. Peleti inazama humo na kukaa. Msithubutu kulenga majabali yetu haya ya Dodoma, peleti inarudi kukusalimia wewe.

Kabla ya shabaha kulikuwa na kujaza upepo, na hapo ndipo umati ulipokusanyika. Mgandamizo wa upepo unapimwa kwa bar, na tairi la gari dogo linakula bar 2 na ushee. Silinda ya bunduki hii, inayotunza upepo wa kupigia, inataka bar 250. Pampu ya mkono yenye hatua tatu za kubana inaweza kufika, lakini si kwa mikono. Unasimama juu ya miguu ya pampu, unainua mpini hadi mwisho, unatulia kidogo, halafu unauangushia uzito wa mwili mpaka chini, unatulia tena ili hewa ihamie hatua inayofuata. Anayepampu harakaharaka anapasha pampu moto tu na kuua oringi, zile pete za mpira zinazozuia upepo usivuje. Kila mipigo hamsini unapumzika, unafungua skrubu ya kutolea hewa, mvuke uliojikusanya unatoka, unaendelea. Kiangazi cha kwetu hewa ni kavu, hapo tumebarikiwa. Vumbi sasa! Ncha ya kujazia ikilala chini sekunde moja tu, unaifuta kabla ya kuichomeka, maana punje moja ya mchanga inatosha kukata oringi.

Mtani alijitolea kupampu, akafika mahali akasema pampu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefika bar 200. Basi ili ajifute aibu akaniletea oili chafu ya bodaboda, eti tulainishe ile ncha. Hapo nilipiga kelele kweli. Hewa ikibanwa kwa nguvu hivyo inapata moto, na mafuta ya petroli au oili ya injini yakiwa humo yanaweza kuwaka. Injini ya dizeli inaunguza mafuta kwa njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba yenyewe iliundwa kwa kazi hiyo na silinda yangu haikuundwa. Pale inapakwa grisi ya silikoni, kidogo tu, kiasi cha kung'arisha oringi. Hiki kipande Mtani hakukiweka kwenye sauti yake, sijui kwa nini.

Tulipomaliza nikafungua skrubu kutoa upepo uliobaki kwenye mpira wa pampu, kama inavyotakiwa kabla ya kuchomoa. Pshaaaa! Kuku wakaruka ua. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko akiuliza mtungi wa gesi wa nani umepasuka.

Sasa boneti.

Meza haikuwepo. Kulala chini kulikuwa na mbigili. Na aliyesema maneno haya si mimi, shahidi ni Mtani mwenyewe: "Mkwe, njoo uegemee hapa kwenye gari." Hiyo ni sauti ya baba mkwe. Gari lenyewe ni pikapu ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake, anayoioshea maji ya kununua kwa dumu, asiyomruhusu mtoto yeyote kuikalia. Mzee alipokualika uiegemee hiyo, umekubaliwa ukoo mzima. Ungekataa wewe?

Nikasimama ubavuni, upande wa dereva. Juu ya boneti nikaweka kiroba cha mtama kilichojaa nusu, juu ya kiroba nikalaza bunduki. Makopo ya nyanya yamepangwa juu ya ubao mbele ya kichuguu, mita 30 nilizozipima kwa hatua. Kichuguu kiko bondeni kidogo, kwa hiyo ilibidi nikikandamize kiroba mbele ili mtutu uinamie. Mtama ukasogea, bunduki ikashuka. Safi.

Nyuma yangu walikuwa mzee, mama mkwe na mwiko wake, shemeji, watoto wa majirani, na Mtani akiwa na simu.

Nikavuta leva, nikairudisha. Peleti ikaingia kwenye chemba, nikaisikia ikikaa. Shavu kwenye kitako. Darubini nimeikuza mara kumi, kopo la tatu liko wazi kabisa kwenye kioo, nasoma mpaka maandishi ya kwenye karatasi yake. Upepo ulikuwa unavuma kwa mikupuo, mnaujua upepo wetu wa mwezi wa saba, nikausubiri utulie. Sehemu ya chini ya picha kulikuwa na ukungu. Hafifu tu, umefunika kama robo ya kioo. Nikajiambia ni joto la saa nane linapanda kutoka ardhini.

Ukungu ulikuwa wa rangi ya maziwa.

Rudieni sentensi hiyo taratibu, mimi nimeirudia usiku kucha. Ukungu wa joto hauna rangi. Kitu kilicho hatua moja mbele ya darubini iliyokuzwa mara kumi hakionekani kama kitu, kinakuwa wingu tu, na wingu linachukua rangi ya kitu chenyewe. Mbele ya mtutu wangu kulikuwa na karibu mita nzima ya bati la mkwe, na katikati yake boneti hupanda mgongo.

Nikatoa pumzi, nikaacha nusu. Kidole kikachukua hatua ya kwanza ya triga, kikafika pale inapogoma, panapoitwa ukuta. Nikakaza.

Bunduki hii ikipiga vizuri unasikia "pfu", kinapita kitambo kifupi, halafu huko mbali "ko", kopo au kichuguu kinajibu. Mara hii ilikuwa "pfu-ting!" Hakuna kitambo. Vumbi la juu ya boneti likaruka lote kwa pamoja, kikapita kitu kinalia "vyuuu" kuelekea porini.

Na kopo la tatu likaanguka.

Watoto wakashangilia. Mama mkwe akapiga kigelegele. Mzee akapiga makofi, tena yale mazito ya kiutu uzima, akasema, "Huyo ndiye mkwe!" Mimi bado nimegandisha shavu kwenye kitako. Sikutaka kuinua kichwa. Sikio langu lilikuwa limeshajua. Vumbi likawa linatua polepole, na kila lilivyotua, mstari ukawa unajitokeza: urefu wa kidole cha kati, umekaa sawasawa kwenye mgongo wa boneti, rangi imebanduka kingo zote mbili na katikati kuna weusi unaong'aa. Bati halikutoboka, lilibonyea na kuchubuka. Peleti ya gramu moja na kitu, kasi ya mita 270 kwa sekunde, ikiliparaza bati kwa ubapa namna ile inachora na kuruka.

Makofi ya mzee yalikoma moja moja. Akaja, akalowesha kidole kwa mate, akasugua ule mstari. Kidole kikatoka cheusi. Hakusema kitu. Akateremka mwenyewe mpaka kwenye ubao, akaliokota kopo la tatu, akaligeuza upande huu na upande huu, akalinyanyua juani kutafuta tundu.

"Mkwe," akaita kutoka kulekule, "hili upepo ndio umeliangusha."

Hapo ndipo sauti ya Mtani inapoanzia.

Mtakaouliza kwa nini yasinipate na bunduki yangu ya zamani, jibu ni urefu. Ile ndefu, ukiiegemeza katikati ya boneti, mdomo wa mtutu unaufikia ule mgongo au unaupita, bati lililopanda linabaki nyuma yake. Bulpapu inaishia kabla ya mgongo. Ongeza darubini ya ghorofani, ongeza mtutu ulioinamia bondeni, ongeza kiroba kinachozama, hesabu imefunga. Kwa hiyo mwenye bulpapu, egemeo lako liweke ukingoni kabisa ili mdomo wa mtutu uchungulie ng'ambo. Ikishindikana, pandisha kiroba mpaka mtutu uwe juu ya bati kwa zaidi ya kiganja kilichosimama. Mtama unazama, mchanga hauzami hivyo. Halafu kabla ya kupiga, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, shusha kichwa usawa wa mtutu wenyewe, uangalie kwa jicho tupu kando yake. Usiulize darubini. Darubini inakwambia yaliyo mbele yake, ya mtutu haiyajui. Na ukikuta ukungu chini ya picha, punguza ukuzaji hadi mwisho. Kama ni boneti, itajitokeza.

Kingine: baada ya ule mshtuko nilivuta leva bila kufikiri, nikaisukuma peleti nyingine ndani, halafu shemeji akaniongelesha nikaivuta tena. Bulpapu nyingi hazina kitu cha kukuzuia hapo, na chemba huioni kwa sababu iko chini ya shavu. Peleti mbili zikipangana mtutuni usilenge popote. Elekeza kwenye kichuguu, zipige zitoke, halafu piga moja hewa tupu bila magazini kuhakikisha njia iko wazi. Nilifanya hivyo. Mzee akadhani bado naendelea na mchezo, akaenda kulihamisha gari.

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Tulikula, mlenda ulikuwa mtamu, hakuna aliyetaja boneti isipokuwa mtoto mmoja ambaye aliitaja kila baada ya tonge. Mke wangu alipata habari kabla sijafika mjini. Mzee alinipigia kesho yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema gari liko tayari kwenda kwa fundi, lini naweza kulipeleka. Nikasema sasa hivi.

Fundi wa bodi akapitisha kucha kwenye ule mstari, akasema bati linanyooshwa, puti kidogo, ila rangi hii ya zamani hailingani na kiraka, boneti yote itapigwa upya. Akataja bei, tukavutana, tukaelewana. Ndipo akauliza hivi hili ni jiwe la lori au mmelikokotea kitu. Nikamwambia ni bunduki. Akanitazama, akaitazama boneti, akaongeza elfu ishirini.