Mwinyi, mwenye nini?

Juzi nilikuwa barazani kwa sheha wetu, kiongozi wa mtaa huku Zanzibar, nimempeleka mtoto wa kaka yangu akatafute barua ya kitambulisho. Sheha kaweka karatasi juu ya goti, anaupulizia muhuri pumzi ya moto maana wino umekauka. Kijana akaninong'oneza: "Ami, hivi Mwinyi ni jina au cheo?"

Vyote viwili, nikamwambia, ila cheo kilitangulia. Mwinyi ni mwenye. Mwenye nyumba ana nyumba, mwenye duka ana duka, lakini Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi wa Unguja, alikuwa mwenye, basi. Mengine malizia mwenyewe: ardhi, watu, ngoma na siwa, baragumu la enzi. (Bara neno limeharibika, ukiambiwa una umwinyi, umeitwa mvivu wa kuhudumiwa.)

Waarabu nao walipita njia hiyohiyo. Malik, yaani mfalme, anatoka kwenye mzizi wa kumiliki, na mzizi huo ukatupa sisi milki na malkia. Kwa hiyo mwenye wa Dunga na malik wa Arabuni wanakutana kwenye maana, ingawa hawana undugu wa damu. Tena tazama tulivyofanya: mwanamke tukampa jina la Kiarabu, mwanamume akabaki na lake la Kibantu, mfalme, ambaye washairi wa zamani walimwita mfaume.

Sultani ni habari nyingine kabisa. Asili yake si mtu, ni mamlaka, ni hoja yenye nguvu. Ndani ya Kurani limekuja kwa maana hiyo. Baadaye mamlaka yakavaa kilemba yakawa mtu. Na Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, cheo chake kilikuwa Seyyid, maana yake bwana. Huyo Sultan wa kwenye jina lake ni baba yake tu.

Ndiyo maana hukereka nikisikia Mwinyi Mkuu anaitwa "sultani mdogo". Udogo wa nani? Cheo chake hakikukatwa kwenye kanzu ya mtu. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki 1865, mwanawe Ahmed akamfuata 1873, na kiti hakikukaliwa tena. Ukenda Dunga leo utakuta magofu.

Vyeo vingine havikufa, vilishuka ngazi. Diwani ni neno la Kiajemi la daftari na ofisi. Pemba lilikuwa cheo cha mtawala. Sasa diwani anaomba kura na kusumbuliwa na mambo ya taka, na bado neno lilelile ni kitabu cha mashairi. Kisiwa cha Tumbatu nacho kilitawaliwa na sheha, cheo hichohicho cha huyu wetu wa barazani.

Sheha wetu akagonga muhuri, akautazama, akagonga tena. "Haya mwanangu," akamwambia kijana, "na picha mbili uzilete kesho, usinichezee."

"Ndiyo, Sheha," kijana akajibu, na mara hii aliinama kidogo.