Si kuchokwa kulikomtoa Mbowe
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wajumbe wa CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, walimtoa mwenyekiti wao Freeman Mbowe Januari 2025 kwa sababu tu walishaichoka sura yake, maana alikuwa kwenye kiti tangu 2004. Sikubaliani. Ingekuwa ni kuchoka, kura zisingekuwa 513 za Tundu Lissu, aliyemshinda, kwa 482 zake. Karibu nusu ya ukumbi walitaka abaki. Kilichobishaniwa pale ni njia ya kupita: baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 wengi waliona maridhiano na serikali hayajazaa kitu, na Lissu alikuwa akilisema hilo waziwazi. Kiongozi kung'ang'aniwa ni habari nyingine kabisa, na hiyo naijua. Nimekuwa katibu wa tawi miaka minane, katika chama ambacho sitakitaja. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la mbao, na kodi mwenyekiti alikuwa akiitoa mfukoni mwake. Bendera kashonesha yeye, nauli ya mkutano wa wilaya katoa yeye. Uchaguzi ulipofika, nani angechukua fomu kushindana naye? Hakutununua, tulimhitaji, na uhitaji huo ndio uliotufunga midomo. Ndiyo maana nawapa heko ACT-Wazalendo: ukomo wa muda wa uongozi wameuandika kwenye katiba yao, Zitto Kabwe akamaliza muda wake wa Kiongozi wa Chama, na Machi 2024 Dorothy Semu akachukua nafasi hiyo. Wenzangu mlioko kwenye matawi, kodi ya ofisi yenu analipa nani?