Kigiriki cha "wanaoanza": wanaoanzia wapi?

Jamani, hivi kitabu cha wanaoanza ndicho hiki kinachokusalimia ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu kinakumwagia jedwali la vitenzi? Mimi nataka Kigiriki cha kuombea maji tu! Natafuta masomo, naletewa Kigiriki cha Agano Jipya. Natafuta tena, naletewa cha Plato. Cha watu walio hai kiko wapi? Nikikipata, somo la kwanza bure, la pili toa kadi ya benki. Video nazo: dakika 10, na 7 mwalimu anatubembeleza tujiandikishe.

Hata herufi hawaelewani. Ziko 24 tu, lakini β huyu anaiita "beta", yule "vita". Na ni vita kweli! Halafu η, ι, υ, ει, οι zote zinasomeka "i". Zote! Nikisikia "i" niandike ipi, nipige kura? Na ile nukta mkato, kumbe kwao ndiyo alama ya kuuliza. Wiki nzima nimesoma maswali kama taarifa, nikashangaa Wagiriki wana uhakika na kila kitu. Wenzangu mnaoteseka, mko wapi;