Kumbembeleza dereva akubali kufuatiliwa

Dereva hapendi kuamriwa. Mwambie aweke garini kifaa kinachoandika mwendo wake na jinsi anavyokanyaga breki, atakujibu kwamba ameendesha miaka na miaka bila hata mkwaruzo. Ndiyo maana siku hizi anabembelezwa: gari linakuja kifaa kikiwa kimeshawashwa, asiyekitaka akizime mwenyewe.

Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu wengi wetu huacha mambo yalivyo. Umoja wa Ulaya unaitumia waziwazi. Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa huko lazima liwe na mfumo wa kumwonya dereva anapopita kikomo cha mwendo. Ruksa kuuzima, ila ukiwasha gari tena, nao umerudi. Mlio wake unaudhi, hasa kamera inaposoma kibao cha barabara ya pembeni, na wanaolalamika siwalaumu. Lakini barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na mlio ule unaishia ndani ya gari.

Hapo ndipo penye tofauti na taarifa zinazopelekwa nje ya gari. Januari 2025, FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, iliishutumu General Motors, kampuni inayotengeneza magari, kwa kuwaingiza wateja kwa njia ya kupotosha katika mpango wa kupima uendeshaji wao, kisha kuuza taarifa zao. Mahali gari lilipo paliandikwa hata kila baada ya sekunde 3. Kwa mujibu wa tume, kampuni za bima zilitumia taarifa za uendeshaji kupanga viwango vya malipo, na hata kuwanyima watu bima. Kuendesha usiku wa manane nako kulihesabiwa. Muuguzi anayetoka zamu saa nane usiku, taratibu na kwa uangalifu wote, anaandikwa pamoja na mlevi.

Kwangu mimi, onyo la ndani ya gari lije limewashwa, sina neno. Taarifa zinazopelekwa nje ya gari ziombewe ruhusa ya peke yake, tena si siku ile mtu ameshika ufunguo mpya na anabonyeza "nakubali" ili aondoke. Aendeshe mwezi mmoja, aonyeshwe kilichoandikwa, ndipo aulizwe.

Wengi watakataa, najua. Na wanaojitolea mara nyingi ni wale waliokuwa waangalifu tangu mwanzo. Mwenye mwendo wa kutisha habembelezeki. Huyo tumwachie askari wa barabarani.