Ukitaka kuijua miti, nenda kiangazi

Wengi wetu tunakwenda Hifadhi ya Mikumi kumtafuta simba, na miti tunaiona kama kitu kinachomficha tu. Hata wachache wanaouliza "huu ni mti gani?" huuliza masika, pori likiwa limeshona kijani. Kwa maoni yangu huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kujifunza. Mninga, mpingo, mtundu, yote ina majani madogo madogo yaliyojipanga kwenye kikonyo kimoja, na asiye mzoefu ataona mti uleule kila aendako.

Nenda Agosti. Mninga umepukutisha majani, lakini matunda bado yananing'inia: bapa, ya mviringo, ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati yamejaa vijimiba vinavyochoma kidole. Ukishalishika moja, hutausahau mninga. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu. Ila usije na panga kuhakikisha, mti huo tumeshaukata vya kutosha kwa vitanda na milango yetu. Mpingo nao watu huupita wakitafuta mti mweusi. Gome lake ni la kijivu, matawi yana miiba, na weusi wote umejificha ndani kwenye kiini. Chini ya mti wa mkongo utaokota ganda nene, gumu, lenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu.

Halafu inakuja Septemba na Oktoba, msimu ninaoupenda zaidi. Mtundu na myombo haingoji mvua. Huchipua ardhi ikiwa bado kavu, na majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kabla ya kugeuka kijani. Mgeni hudhani miti inakauka, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mninga nao hutoa maua ya njano kwa muda mfupi, ukichelewa umeyakosa.

Na kuna mbishi mmoja: ule mgunga wa kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, ambao hupukutika masika na kuwa kijani kiangazi, tembo wakifuata maganda yake.

Walimu wanaopanga safari za wanafunzi wangeenda na darasa lilelile mara mbili, kiangazi na masika. Nauli ikitosha safari moja tu, iwe Septemba, na watoto wabebe daftari la kuchora magome na maganda. Majani ya masika wanaweza kuyaangalia kwenye msitu wa kijiji. Pale wilayani Kilosa mninga haudai kiingilio.