Iacheni python3 ya Ubuntu ilivyo

Kuna ushauri unaonichefua. Mtu anauliza apateje toleo la 3.12 la Python, lugha ya programu, kwenye mfumo wa Ubuntu 22.04, anajibiwa: isakinishe, kisha tumia `update-alternatives`, amri ya kuchagua toleo lipi lijibu kwa jina fulani, ili `python3` ielekee kwenye toleo jipya. Mistari miwili, na hongera juu. Akiwasha mashine tena, terminali haifunguki, na mshauri hayupo.

Tuelewane. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, na haikuwekwa pale kwa ajili yako wewe mwandika programu. Ni ya mfumo wenyewe. `add-apt-repository`, `ufw`, hata `gnome-terminal` unayoibofya kila siku, zote ni skripti zinazoanza na `#!/usr/bin/python3`, yaani zinaendeshwa na Python hiyo. Baadhi ya moduli zinazotegemewa na skripti za namna hii zimekompailiwa, yaani zimegeuzwa kuwa msimbo wa mashine, kwa 3.10 peke yake. Chungulia `/usr/lib/python3/dist-packages`: utakuta `apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so`. Hiyo 310 si pambo. Ukiifanya 3.12 ijibu kwa jina la `python3`, itatafuta faili la 312, italikosa, itakutupia `No module named 'apt_pkg'`. Hapo ndipo anapojitokeza bingwa wa pili, anakwambia ulipe faili jina jipya lisilo na 310. Jamani! Jina limebadilika, kilichomo ndani ni kilekile cha 3.10.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yanazoleka. Terminali ikigoma, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nywila yako, kisha:

`sudo update-alternatives --remove-all python3`
`sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`

Usiishie kwenye amri ya kwanza, maana inaondoka na kiungo chenyewe. Thibitisha kwa `ls -l /usr/bin/python3`. Na wewe uliyetaka kupiga `sudo apt remove python3` ili "uanze upya" (apt ndiyo inayosakinisha na kuondoa programu), soma kwanza orodha ya vitakavyoondoka nayo.

Matoleo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi, mradi kila moja uliite kwa namba yake. Ongeza hazina ya `ppa:deadsnakes/ppa`, kisha:

`sudo apt install python3.12 python3.12-venv`
`python3.12 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Ukiisahau `python3.12-venv`, amri ya pili itakwama ikilalamikia `ensurepip`. Ukishawasha `.venv` hiyo, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi wako, `python` ni 3.12, nje yake mfumo una 3.10 yake, umetulia. Wanaolilia wepesi wa kuandika neno moja tu wanataka nini zaidi? Basi weka `alias py=python3.12` kwenye `.bashrc`. Skripti za mfumo hazitaiona kabisa.

pyenv, zana ya kusakinisha matoleo mengi ya Python, nayo ni nzuri kwa mwenye miradi mingi, ila inakompaili kila toleo kutoka msimbo chanzo, kwa hiyo vifurushi vya `-dev`, vyenye faili za kukompailia, vitangulie. Bila `libssl-dev` kazi inakufa palepale, na afadhali hivyo. Bila `libsqlite3-dev` inakupa onyo la mstari mmoja na kuendelea kama kawaida, halafu siku unayoita `import sqlite3` ndipo unapoumbuka. Toleo hilo litabidi likompailiwe upya. uv, zana nyingine ya namna hiyo, inashusha Python iliyokwisha kujengwa: `uv python install 3.12`, basi.

Haya, kwa shingo upande: `update-alternatives` yenyewe haina kosa. Kwa Java ndiyo njia ya kawaida, kwa kuwa apt haiendeshwi na Java. Piga `sudo update-alternatives --config java`, chagua namba, kisha rudia kwa `javac`, maana hiyo ina orodha yake. `JAVA_HOME`, kigezo kinachoziambia programu Java iko wapi, haifuati hata kidogo. Kama uliiweka zamani, ibadilishe kwa mkono, la sivyo Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, itaendelea kutumia toleo la kale huku `java -version` ikikuonyesha jipya.